Nani Kashika Bureti?

Ikikaribia tarehe 11 Februari simu yangu huanza kuita. Tangu Umoja wa Mataifa uitenge siku hiyo, Desemba 2015, kuwa ya wanawake na wasichana katika sayansi, kila shule na kila shirika linatafuta mwanamke mwenye koti jeupe aje azungumze na mabinti. Mimi kazi yangu ni kupima ubora wa maji, maabara iko Arusha, koti ninalo, Kimeru cha nyumbani hakijanitoka, kwa hiyo nafaa. Ratiba naijua kabla sijafika. Turubai, viti vya plastiki, ngonjera, risala yenye changamoto zilezile za mwaka jana, kisha mgeni rasmi anasimama anasema "wasichana mnaweza!", wasichana wanaitikia "tunawezaaa!", halafu soda.

Na soda sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hiyo "mnaweza". Wasichana wa shule za kata ninaokutana nao, wa Arumeru na wa Monduli, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hawezi. Wanayoniambia tukishakaa chini ya mti, mgeni rasmi akiwa ameshaondoka, ni mengine kabisa. Hawajawahi kushika kifaa. Hawana saa za kufanyia hesabu. Na siku ya kuchagua masomo hakukuwa na mtu mzima aliyekaa nao.

Ingia kwenye maabara ya kemia, kidato cha tatu, siku ya praktiko. Wanafunzi arobaini na kitu, bureti chache (ule mrija mrefu wa kioo wenye koki, wa kuteremshia asidi kwa kipimo), kwa hiyo watagawanywa makundi ya saba, nane. Simama pale mlangoni tu. Kabla mwalimu hajamaliza kuandika maelekezo ubaoni, mvulana mmoja, mara nyingi yule mwenye sauti, ameshaikamata bureti. Wa pili amechukua chupa ya koni na kuanza kuitikisa ingali tupu. Wa tatu anatoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Msichana anapewa kalamu. "Andika wewe, una mwandiko mzuri." Kama wako wawili, wa pili ndiye atakayeosha vyombo kipindi kikiisha.

Na kweli anaandika vizuri. Jedwali limenyooka, desimali zimekaa mahali pake, kundi zima linapata alama kwa kazi yake. Ila vidole vyake havijui kwamba koki ya bureti huwa inakataa, kisha inaachia ghafla na kumwaga mililita mbili kabla hujapepesa macho. Havijui kwamba ukikaribia mwisho unateremsha tone moja, unatikisa, unasubiri, tone moja tena. Hayo huwezi kuyaandika kwenye daftari ukayahifadhi. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne unapofika, kila mtahiniwa yuko na bureti yake na hakuna cheo cha katibu. Mikono inatetemeka, rangi inapitiliza, muda unakwisha. Matokeo yakitoka, sisi watu wazima tunakaa semina ya siku mbili hotelini kujadili kwa nini mtoto wa kike anaogopa kemia.

Wavulana wale siwalaumu sana. Bureti zikiwa chache lazima ziwe na mwenyewe, na dunia imeshawaambia mwenyewe ni nani. Isitoshe, zamani hata hiyo ya kugombania haikuwepo. Shule za kata zilimea kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, madarasa kwanza, mengine mtajua wenyewe. Novemba 2012 Rais Kikwete akaagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, ndani ya miaka miwili. Waliokuwa na kaya wakati ule hawajaisahau michango ya maabara, mtendaji anapita na daftari, asiyetoa anaitwa ofisini. Majengo yakasimama mengi. Nimeingia kwenye mojawapo nikakuta madawati ya kidato cha kwanza, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameongezeka tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 na darasa lingine hakuna. Nyingine hufunguliwa wiki chache kabla ya mtihani wa taifa tu, maana asidi ni ghali na mkuu wa shule anaitunza kama dhahabu. Panapokuwa na uhaba wa namna hiyo, anayesukumwa pembeni huwa anajulikana mapema.

Saa ni jambo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Hisabati haisomwi usiku wa kuamkia mtihani. Inataka maswali machache kila siku, ukosee, ufute, urudie, kwa miezi. Kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wamekuwa wakianguka Hisabati ya kidato cha nne, wake kwa waume, kwa hiyo anayetaka kuniambia habari za ubongo wa kike aanze kwanza kunieleza habari za ubongo wa wavulana wale wote wenye F. Lakini angalia jioni zao. Shule ya kutwa inawatoa saa tisa, saa kumi. Binti anafika nyumbani, ndoo inamsubiri, na ng'ombe wa ndani wanasubiri majani, kwa sababu huku kwetu mlimani ng'ombe haendi malishoni, majani ndiyo yanamfuata. Kisha moto, kisha mdogo wake mgongoni. Akikaa na daftari ni saa nne usiku na taa ya sola imeanza kufifia. Kaka yake naye amechoka, sikatai, ila amechokea tuisheni na mpira.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililiona hili zamani. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, Kitivo cha Sayansi kilianza kuwaita wasichana waliokuwa na sifa za chini zinazotakiwa lakini wakaachwa kwa sababu ya ushindani. Wakapewa wiki kadhaa za masomo mazito ya sayansi na hisabati, wakakalishwa mtihani, waliofaulu wakaingia chuo. Baadaye upande wa uhandisi nao wakaiga. Nimekutana na wahandisi wa kiume ambao mpaka leo wanauita upendeleo. Mtihani ulikuwepo, ndugu zangu. Kilichoongezwa ni siku za kusoma bila ndoo kichwani.

Shule mpya za bweni za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa, zilizoanzishwa chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zinafanya jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi, na nazipongeza bila kinyongo. Ila ni moja kwa mkoa mzima. Wanaobaki kwenye shule za kutwa ndio wengi, na ndio ninaowaandikia hapa.

Nirudi kwenye kuchagua. Kwa utaratibu ambao wengi wetu tumeupitia, ukimaliza kidato cha pili unaamua kama unaendelea na fizikia na kemia au unaziacha. Baiolojia na hisabati unabaki nazo upende usipende. Mtoto ana miaka 15 au 16. Fomu inapitishwa darasani asubuhi moja, anamwangalia jirani yake ameandika nini, anaandika hivyohivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kalamu ileile ameshajiondoa PCM, PCB na CBG, michepuo ya sayansi ya kidato cha tano na sita, na pamoja nazo udaktari, uhandisi, ufamasia na hii kazi yangu. Atakuja kulijua hilo kidato cha nne kikiisha, anapotaka kuwa nesi akaambiwa alete ufaulu wa kemia.

Nani alitakiwa amwambie? Mwalimu ana vipindi visivyohesabika. Mama anasema "soma mwanangu, chochote." Ndiyo maana nikisikia habari za Wangari Maathai, kinachonigusa zaidi si Nobeli ya 2004. Ni kaka yake, Nderitu, aliyemuuliza mama yao kule Nyeri kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akakosa sababu ya kukataa, mtoto akapelekwa. Mwaka 1971 mtoto huyo akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, katika anatomia ya wanyama. Swali moja la mtu wa ndani ya nyumba. Kwangu mimi aliyeuliza alikuwa shangazi, aliyeishia darasa la saba, na aliuliza kwa ukali mbele ya baba yangu, siku ya msiba, mahali ambapo baba hakuweza kumjibu vibaya.

Kuhusu mifano ya kuigwa sitakaa sana. Tunayo. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ni mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata uzamivu wa hisabati. Aliusomea Berlin, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Rwanda, fani yake ikiwa hesabu za mwendo wa vimiminika. Picha yake ingestahili kubandikwa kwenye kila ukuta wa shule. Lakini picha ukutani haimpunguzii mtu majani ya ng'ombe.

Sasa niseme yangu. Nilikulia upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Maji ya huko yanapita kwenye miamba ya volkano na yanabeba floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukiyanywa utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya, yanatoka na rangi ya kahawia na hayang'ai tena hata uyapige mswaki wa aina gani. Ukinywa mengi kwa miaka mingi, mifupa nayo inaathirika, na huku kwetu wapo waliopinda miguu tangu wadogo. Shuleni nilikuwa najibu swali nimeweka kiganja mdomoni. Mwalimu hasikii, anasema "rudia", darasa linacheka, mara inayofuata hunyooshi mkono. Watu wa nje wakiona wasichana wa kwetu wamekaa kimya darasani huwa wanaandika kwenye ripoti kwamba ni utamaduni. Wengine ni meno.

Nilipojua kwamba pale Ngurdoto, jirani tu, kuna kituo cha serikali kinachoondoa floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nilikasirika kabla sijafurahi. Mifupa inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa, maji yanachujwa humo, na floraidi inanaswa na madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa. Yaani kinachoifanya iharibu meno yetu ndicho kinachoifanya inaswe. Kemia ilikuwa inakaa jirani na sisi miaka yote, na darasani tulikuwa tunakariri jedwali la elementi mpaka namba 20, floraini ikiwa ya 9, bila mtu kuoanisha.

Msichana wa miaka 13 wa huko kwetu ana taarifa nyingi za maji. Anajua kisima kipi kina ladha ya magadi, chemchemi ipi inabaki mto ukikauka, maji ya wapi yanaivisha maharage haraka. Hapo mgeni rasmi huwa anadakia na kusema "mnaona, jiko ni maabara!" Tafadhali, tuiache hiyo. Jikoni walishakaa vya kutosha. Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu pale Magamba sekondari, Lushoto, mwaka 1963, akaona maziwa aliyoyaweka ya moto yameganda kabla ya mengine. Akauliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akalibeba swali mpaka sekondari ya Mkwawa, Iringa, huko nako mwalimu akaibeza fizikia yake na wenzake wakamcheka, mpaka alipokuja Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Huyo hakucheka, akaenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Dunia nzima hadi leo wanabishana kuhusu jambo hilo na linaitwa kwa jina lake. Swali lilitoka kwenye maziwa, ndiyo, lakini lingekufa palepale kama asingetokea mtu mwenye kipimajoto na muda.

Kwa hiyo siku hizi nikialikwa naomba maabara, jukwaa nawaachia wengine. Mara ya mwisho niliwaomba wanafunzi waje na maji ya nyumbani kwenye chupa za plastiki zenye jina la mahali. Nikabeba bureti kutoka kazini kwa ruhusa, asidi ya haidrokloriki nyepesi sana, na metheli oranji, ile dawa inayobadili rangi ikikutana na asidi. Masharti yalikuwa mawili tu. Hakuna anayeshika bureti zaidi ya mara moja mpaka wote wameshika, na anayeandika naye anabadilishwa kila mzunguko. Kijana mmoja mwenye sauti alipopewa kalamu, mwandiko wake ulizua kicheko mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Binti wa kwanza alipitiliza. Maji yenye metheli oranji ni ya njano, unateremsha asidi mpaka yageuke rangi ya chungwa, yeye akaachia koki na yakawa mekundu. "Umeua!" wakasema. Alitaka kumpisha mwingine, nikamkatalia, akamwaga, akaanza upya. Safari hii alikaa na tone moja moja, mdomo wazi, kiganja hakipo mdomoni, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Maji ya mvua ya tenki la kanisani yaligeuka kwa matone machache tu. Ya kijito cha juu msituni yakachukua mililita mbili na ushee. Ya kisima cha chini barabarani yakapita kumi.

Nikawaeleza kwamba bureti haipimi floraidi, inapima wingi wa magadi, lakini huku kwetu viwili hivyo hupenda kutembea pamoja, kwa sababu maji yenye magadi mengi huwa na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ingeizuia floraidi isizidi. Chupa zenyewe nitaondoka nazo zikapimwe floraidi. Hapo yule binti akauliza, kwa Kiswahili, maana nilishamwomba mwalimu atuondolee faini ya kuzungumza Kiswahili shuleni kwa siku ile: "Madam, mama huwa anayachemsha. Yakichemka hayapungui?"

Sikumjibu. Nilimwambia achemshe. Wakawasha jiko la gesi, maji ya kisima yakabaki nusu, wakayaacha yapoe, wakapima upya. Safari hii asidi ilikwenda karibu mara mbili. Kimya kidogo, halafu mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo mama anazidisha." Nikawahi kuweka sawa kwamba kuchemsha kunaua vijidudu na wasiache, ila floraidi haipai na mvuke, inabaki sufuriani. Hakuna aliyeniuliza kama wasichana wanaweza. Waliniuliza mkaa wa mifupa unauzwa wapi, na kama mfupa wa mbuzi unafaa.

Jioni palikuwa na kikao cha wazazi. Baba mmoja, mzee wa heshima, alisimama: "Shukrani, mwanangu. Lakini akimaliza hiyo sayansi, kazi iko wapi?" Swali la haki kabisa, na wahamasishaji wengi hulikimbia. Nilimwambia kazi si nyingi kwa yeyote, wa sayansi au wa arts. Nikamwambia pia kwamba kwenye sayansi kuna ngazi za kati, mafundi sanifu wa maabara, wauguzi, wataalamu wa dawa wa stashahada, ambazo si lazima ufike kidato cha sita kuzipata, na kwamba wanaofaulu sana kidato cha sita wana Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali wa masomo ya chuo kikuu, tangu 2022. Ahadi nyingine sikutoa. Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia. Mama aliyekaa pembeni yake akadakia kwamba kwanza aambiwe maji ya kisima anywe au asinywe.

Majibu ya floraidi niliyarudisha shuleni, kisima kile kilikuwa juu ya kiwango, nakala ikapelekwa ofisi ya kijiji. Mwalimu wa kemia ameomba saa mbili kila Jumatano baada ya masomo, maabara ibaki wazi, na mkuu wa shule amekubali ilimradi wasichana wawe wameondoka kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu ya njia. Likizo ya Juni wanataka kupima visima vya ng'ambo ya mto. Bureti zipo, orodha ya zamu ipo, kinachokosekana ni asidi. Mwenye ofisi inayomwaga kemikali zilizobaki kila mwaka wa fedha ukiisha, anitafute.